Chupa ya Kiwavi Mmoja

Mkikaa vizuri nitawaeleza, na mkikaa vibaya nitawaeleza hivyo hivyo, maana huko nilikotoka tulikaa vibaya kuliko nyinyi na bado habari zilitufikia. Ni nchi fulani. Jina lake silitaji, na si kwa woga. Mtu wa miaka sabini na mitatu amwogope nani? Ni kwamba wenyewe walikuwa wamelifungia kabatini pamoja na katiba, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Mkiona inafanana na nchi mnayoijua, hayo ni macho yenu, kayapimeni.

Huko niliitwa Bi Semeni, na nilikuwa na kazi ya Serikali. Msicheke. Darasa la saba nililimaliza, na mwandiko wangu ni wa duara. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu nondo. Viwavijeshi mnawajua: wakishuka shambani asubuhi, jioni mahindi yamebaki vijiti. Sasa kiwavi kabla ya kuwa kiwavi huwa yai, na yai hutagwa na nondo, yule mdudu wa rangi ya vumbi anayejigonga kwenye taa. Wizara ilitundika mtego wa nondo uani kwangu. Kila asubuhi niliufungua, nikahesabu walionaswa, nikaandika kwenye daftari. Wakizidi thelathini, Wizara ingejua janga linakuja na ingeleta dawa. Ndivyo tulivyoambiwa. Kwa miaka kumi na mmoja walizidi mara sita. Dawa haikuja hata siku moja, lakini daftari jipya lilikuja kila mwaka bila kukosa.

Daftari lilikuwa na safu tatu: Tarehe, Idadi, Maoni. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mtu wa utani. Kwetu utani si maskhara ya barabarani tu, ni desturi. Kabila likipigana na jingine kisha wakapatana, wajukuu wao huwa watani. Mtani atakutukana sokoni nawe utacheka. Siku ukifa anakuja msibani, anavaa kofia yako, anatembea kama wewe, anakohoa kama wewe, mpaka wanao wacheke ndani ya machozi. Nimezika watu wengi kwa kazi hiyo. Kuna mzee nilimwigiza alivyokuwa akikoroma ibadani, mjane wake akacheka hadi akaomba maji.

Mtu kama huyo ukimpa safu imeandikwa Maoni, unategemea nini? Niliandika: "Leo nondo tisa. Mmoja ana kitambi, nadhani katoka Wizarani." Siku nyingine: "Leo wawili. Walikuwa wanagombana, nimewapatanisha." Hakuna aliyesoma. Kila mwisho wa mwezi karani wa wilaya, Bwana Gwakisa, alikuja na pikipiki yake, "Shikamoo Bibi, daftari," akagonga muhuri bila kufungua, akaenda zake. Kijana mpole, masikio makubwa. Nilidhani masikio yale yangetusaidia.

Msomaji wangu alikuwa mmoja tu, binti yangu Sikitu. Alikuwa ananisomea mimi mwenyewe niliyoyaandika, kwa sauti, jikoni, anacheka mpaka ugali unashika chini.

*

Sikitu ndiye mwanangu pekee aliyebaki. Aliolewa na Kibwana, fundi seremala, na kwa miaka tisa hakupata mtoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinunua kanga ya kijani ya kuwa mbeleko, akaikunja, akaiweka sandukuni. Kila mwaka aliitoa, akaianika, akairudisha. Mimi, pamoja na mdomo wangu wote, kanga hiyo sikuwahi kuifanyia utani.

Mwaka wa tisa mimba ikashika. Mkunga akampima, akaniita pembeni.

"Bibi, huyu alale. Alale kwa ubavu, miguu iinuke kidogo, mpaka mimba ifike mwezi wa nane. Asisimame sana, asibanwe. Akipata pa kulala, mtoto utampakata."

"Pa kulala tu?"

"Pa kulala tu."

Nikamshukuru Mungu. Chumba tulikuwa nacho, kitanda Kibwana alikichonga mwenyewe. Lilikuwa jambo dogo mno.

Lakini mtu aliyezoea jembe ukimlaza mchana kutwa anakonda kwa mawazo. Nikamletea Sikitu viwavi awe anawatazama. Chupa moja nilitia kiwavi mmoja. Nyingine, ya ukubwa ule ule, nilitia ishirini. Majani niliwapa ya kutosha wote. Basi yule wa peke yake akawa wa kijani, mnene, mpole, anakula kama mtu aliyealikwa. Wale ishirini wakageuka weusi, wakawa wanakanyagana na kurukaruka hata pasipo na la kurukia. Walipokuwa nondo, nikawatafutia waume mtegoni, maana mtego ule hunasa madume tu, kama kilabu cha pombe. Aliyelelewa peke yake akataga mayai tukashindwa kuyahesabu. Wale waliobanana walitoka wadogo, wakataga mayai haba.

"Kumbe hata mdudu anataka nafasi, Mama," Sikitu akasema, mkono juu ya tumbo.

"Anataka. Ngoja niwaambie Wizara."

Nikaandika kwenye Maoni, herufi za duara: "Viwavi wakibanana ishirini kwa chupa hugeuka weusi na uzazi wao hupungua. Aliye peke yake ni kijani na huzaa sana. Wizara ijaribu na kwa watu, tuokoe madawati."

Sikitu alicheka hadi nikamkataza, kwa ajili ya tumbo.

*

Sasa mjue kwamba nchi hiyo ilikuwa na shida ya madawati. Watoto walikuwa wengi, madawati machache, na badala ya kuongeza madawati wakubwa walikuwa wakitafuta namna ya kupunguza makalio. Pia Wizara ya Wadudu ilikuwa imeunganishwa na ile ya Wazazi kwa sababu ya uhaba wa viti, ikaitwa Wizara ya Wadudu, Wazazi na Mengineyo. Waziri alikuwa mmoja.

Waziri akaja wilayani kufungua mlango. Si mlango wa jengo; jengo lilikuwa halijajengwa. Ulisimamishwa mlango peke yake uwanjani, akaufungua, tukapiga makofi. Jua lilikuwa kali, akaomba kitu cha kujipepea. Bwana Gwakisa, aliyekuwa karibu, akampa alichokuwa nacho mkononi: daftari langu. Waziri akajipepea upande, akajipepea upande, kisha likafunguka mbele ya macho yake. Akasoma. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja mtu wa Serikali akasoma Maoni yangu.

Akakamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu tumetafuta ufumbuzi ng'ambo, kumbe ufumbuzi ulikuwa chupani! Nondo ametuonyesha njia. Je, nchi hii tukufu itakubali kuzidiwa akili na nondo?"

"Hapana!" tukajibu. Mimi nami nikajibu. Maishani, kila wakubwa waliponiuliza kama nitakubali jambo, nilizoea kusema hapana kwa sauti na ndiyo kwa miguu.

"Kuanzia sasa," akasema Waziri, "nafasi ni adui wa maendeleo!"

*

Wiki ya tatu wakatuhamisha. Nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika mlimani, kila moja na shamba lake. Hilo likaitwa kosa la upweke. Wakatupeleka kwenye ghala la mahindi la zamani, lililokuwa tupu kwa sababu mahindi yaliliwa na viwavi, wakaliita Makazi ya Ukaribu wa Kitaifa. Sakafuni walikuwa wamechora miraba kwa chaki. Mtaalamu mmoja alikuja na chupa yangu ya wale ishirini mkononi, akapima upana wake, akapima kiwavi, akapima Kibwana, akagawanya. Kila mraba watu ishirini. Tulilala tumekaa, migongo imeegemeana, na kunyoosha miguu kulikuwa kwa zamu.

Halafu wakagawa mashati meusi, kwa kuwa taarifa ilisema waliobanana huwa weusi, na Serikali haikutaka kusubiri matokeo yaje yenyewe. Rangi ya kijani ikapigwa marufuku. Sikitu akaifunga mbeleko yake kiunoni, ndani ya shati.

Mkaguzi akapita na rula. Akasimama mbele ya mwanangu.

"Dada, hili tumbo limesajiliwa?"

"Ni mimba, mzee. Ya miezi mitano."

"Mimba ni ya kabla ya agizo, hiyo haina kesi. Ninachouliza mimi ni nafasi. Tumbo hili linakalia pa mtu wa ishirini na moja."

"Ndiye mwenyewe huyo," nikadakia. "Wa ishirini na moja yumo humo. Kawahi foleni."

Watu wa mraba wetu wakacheka. Mkaguzi akaandika. Sikitu naye alitaka kucheka, akajishika kiuno badala yake.

Nikamwomba Mkaguzi anipatie pa kumlaza. Mwili mmoja tu, kwa ubavu. Akanipa fomu ya Kibali cha Kujinyoosha. Ilitaka sahihi za majirani kumi na tisa kuthibitisha kwamba hawaitumii nafasi hiyo. Majirani wote kumi na tisa wakatia sahihi, Mungu awabariki. Mzee mmoja alisema atasimama mpaka mtoto azaliwe, na alisimama. Fomu ikarudi: sahihi zimeandikwa zikiwa zimeachana mno, ziandikwe upya zikaribiane.

Hapo nikaelewa kwamba mlango ulikuwa mmoja tu. Agizo lote limesimama juu ya utani wangu. Nikiufuta utani, agizo litaanguka, na mwanangu atalala.

*

Nikaomba kusikilizwa, wakaniitia kamati. Watu watatu, meza ndefu, na katikati ya kila kiti na kiti nafasi ya kupita ng'ombe. Bwana Gwakisa alikuwa akiandika kumbukumbu. Siku hizi alikuwa Mratibu; alipandishwa cheo kwa kutoa daftari.

"Mama," akasema Mwenyekiti, "mwandiko huu ni wako?"

"Mwandiko wangu. Maneno ya utani."

"Utani gani?"

"Utani, mwanangu. Nilikuwa natania. Viwavi ni kweli, nimewaona. Hiyo ya watu nilitania."

Wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani.

"Utani una taratibu zake. Hutanii mtu asiye mtani wako. Kabila lako limewahi kupigana na Serikali?"

"Kupigana hapana. Tumepigwa."

"Kupigwa si kupigana."

"Nimeona tofauti yake, mzee."

"Basi Serikali si mtani wako. Na kama si mtani wako, huwezi kuwa ulimtania. Na kama hukutania, ulishauri. Tunakushukuru kwa ushauri."

Nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia magoti mtu nisiyemzika. "Wanangu, nina binti ana mimba ya kwanza baada ya miaka tisa. Simwombei nyumba. Namwombea urefu wake mwenyewe. Futeni neno langu moja, alale."

Bwana Gwakisa aliacha kuandika. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu. Mjumbe aliyekaa kulia kwa Mwenyekiti akasema ombi lina mantiki. Wakatoka, wakakaa faragha saa tatu, wakarudi na uamuzi.

Kwanza, kwa kuwa wananchi wanaonyesha hamu ya kutaniana na Serikali, Serikali itakuwa mtani rasmi wa kila mwananchi kuanzia tarehe moja mwezi ujao, na itatekeleza wajibu wote wa mtani, pamoja na kuhudhuria kila msiba. Pili, kwa kuwa uamuzi huo haurudi nyuma, utani wangu wa awali utabaki kuwa ushauri. Tatu, nipewe cheti.

Cheti nilipewa hapo hapo. Kiliandikwa "Mtaalamu".

Niliporudi ghalani Sikitu alikuwa amejiegemeza kwa mumewe, jasho linamtoka. Kibwana alikuwa ameweka mikono kama fremu ya mlango, anawazuia watu wasimsukume.

"Wamesemaje, Mama?"

"Wamesema mimi ni mtaalamu."

Alijaribu kutabasamu. "Hata mimi nilijua," akasema.

*

Huku nyuma mashamba yetu yalibaki hayana mtu. Mvua ikanyesha, majani yakaota, na nondo wakapata nafasi ya nchi nzima, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja na kilima chake. Mtego nilikuwa bado naruhusiwa kwenda kuufungua asubuhi. Siku moja nilikuta mia nne na kumi. Nikaandika Idadi. Maoni sikuandika kitu.

Wizara ikajibu, kwa mara ya kwanza: "Safu ya Maoni haina kitu. Tunaelewa kwamba wananchi wameridhika."

*

Mtoto alizaliwa asubuhi, miezi saba haijatimia, Sikitu akiwa amechuchumaa, kwa kuwa hapakuwa na pa kulala hata pa kuzalia. Majirani waligeuza nyuso wote. Ilibidi wageuke kwa zamu ya mguu, lakini waligeuka.

Alikuwa wa kike. Mkunga alimweka kiganjani pangu. Nimeshika mihogo mizito kuliko yeye. Alinishika kidole. Alipiga chafya mara moja. Jua lilipofika kwenye tundu la paa, alikuwa ametuaga.

Sikitu hakulia. Alifungua shati, akatoa mbeleko ya kijani, akanipa.

Kwetu kichanga huzikwa na wanawake, kimya kimya, hakuna matanga. Na mtani haji. Hata mtani mwenye ulimi mrefu kuliko wangu hawezi kuja, kwa sababu kazi ya mtani ni kumwigiza marehemu, na kichanga hajawahi kufanya kitu cha kuigizwa. Hilo kila mtu analijua. Lakini waraka ulisema "kila msiba", na tarehe moja ilikuwa imepita.

Tulikuwa tumesimama mlimani, nyuma ya iliyokuwa nyumba yetu, wanawake watano na kashimo, tukasikia pikipiki. Bwana Gwakisa akashuka. Amevaa shati jeusi la Serikali na kofia ya makuti waliyompa ya kufanyia utani. Mkononi ana karatasi yenye muhuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimetumwa… Serikali imekuja. Kama mtani."

Akafungua karatasi, akaanza kusoma: "Marehemu alikuwa mlevi na mwenye madeni, na leo…" Akanyamaza. Karatasi ilikuwa moja kwa misiba yote. Akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo haikunjiki tena.

"Bibi," akasema, "naomba unisaidie. Marehemu alikuwa na tabia gani?"

Wallahi nilitaka kumrushia jembe. Lakini nilimwona usoni, kwamba hakuwa akiuliza kwa ajili ya waraka. Yeye ndiye aliyetoa daftari, mimi ndiye niliyeliandika. Tulikuwa wawili, mbele ya shimo lile, tunaotafuta pa kuangalia.

"Alipiga chafya," nikasema. "Mara moja."

Bwana Gwakisa akavua kofia ya makuti. Akasogea ukingoni. Akapiga chafya.

Hapakuwa na kicheko. Ndege mmoja aliruka. Halafu nikasikia sauti ya Sikitu, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno.

"Sivyo. Ilikuwa ndogo zaidi."

Akapiga tena, ndogo.

"Bado. Ndogo zaidi ya hapo."

Mtu mzima yule, mwenye cheo, akapiga magoti kwenye udongo, akafumba macho, akapiga chafya ndogo kama kiberiti kinachokataa kuwaka.

"Hapo," akasema Sikitu. "Hapo sasa. Ndivyo alivyofanya." Akacheka, kidogo tu, na kicheko kile kikampasua, akalia kilio cha miaka tisa. Tukamlaza kwenye majani. Nafasi ilikuwepo, mlima mzima. Akalala kwa ubavu kama mkunga alivyosema.

*

Mwisho wa mwaka Wizara ilitangaza kwamba uzazi umepungua na mpango umefaulu. Viwavi walikuwa wameshamaliza mahindi ya wilaya tatu, lakini Waziri alieleza kwamba hilo ni suala la dawati jingine.

Lakini nirudi nyuma kidogo: asubuhi iliyofuata mazishi nilikwenda mtegoni kama kawaida. Nikaandika Tarehe, nikaandika Idadi. Kwenye Maoni mkono ukaandika wenyewe, herufi za duara: "Alipiga chafya mara moja. Ilikuwa ndogo."

Kisha nikakumbuka ni nani wanaosoma siku hizi. Nikaichana karatasi ile kutoka daftarini, nisije nikawapa wazo. Nikaikunja, nikaitia kwenye chupa ya yule kiwavi mmoja, nikaifunga kifuniko chenye matundu, nikaiweka dirishani kwenye nyumba yetu tupu.

Yumo humo peke yake. Ana nafasi tele.